Kwenda Mjini ni Kurudi
Mazungumzo kwa wasafiri wa Thika na Ruiru



Watu wa Thika na Ruiru wanaijua vema ile asubuhi ambayo mtu hufika kituoni saa kumi na moja alfajiri akakuta umati wa watu, na gari hata moja hakuna. Huulizana, "Kuna nini leo?" Mmoja husema ni mgomo wa matatu. Wa pili husema polisi wamefunga njia huko mbele. Wa tatu husema mto umefurika. Mazungumzo haya yanahusu asubuhi ya namna hiyo, na zaidi yanahusu jioni yake. Kwa maana wengi waliopatwa na taabu kubwa katika njia ya Thika hawakuwa wale walioshindwa kufika mjini, bali wale waliofika salama kisha wakashindwa kurudi kwao.

Mfano ulio wazi ni ule wa Jumamosi, tarehe 17 Aprili 2021. Siku zile ugonjwa wa korona ulikuwa umeenea, na amri ilikuwa imetolewa katika Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru kwamba mtu asionekane nje baada ya saa mbili za usiku. Saa hiyo ilipopita, polisi waliiziba njia kuu ya Thika huko Roysambu. Magari yaliyokuwa yakitoka mjini yakasimama, mengine yakaja nyuma yake, na baada ya muda msururu ukawa mrefu hata mwisho wake hauonekani. Ndani ya msururu ule walikuwamo watu waliochelewa kwa uzembe, ni kweli. Lakini walikuwamo pia watu wa kazi za lazima ambao amri yenyewe iliwaruhusu kusafiri usiku. Kizuizi hakikuchagua. Aliyeondoka mjini mapema alikuwa amekwisha fika kwake na kukaa na watoto wake. Aliyechelewa kidogo alikaa barabarani kwa saa nyingi, akitazama taa za gari lililo mbele yake.

UZI MMOJA

Sababu ya taabu hizi si ngumu kuitambua. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika mji wa Ruiru, na zaidi ya 250,000 katika mji wa Thika. Miji hii ina kazi zake yenyewe. Thika ina viwanda, ina hospitali kubwa, na mashamba ya mananasi yako kando yake. Ruiru ina mashamba ya kahawa ya tangu zamani, na majumba mapya yanainuka kila mwaka. Hata hivyo, wakazi wake maelfu kwa maelfu hulala huko na kufanya kazi Nairobi. Kutoka Ruiru hadi katikati ya Nairobi ni mwendo wa yapata kilomita 25, na kutoka Thika ni zaidi ya kilomita 40.

Umati huo wote hupita katika njia chache. Ya kwanza kwa umri ni reli, iliyofika Thika mwaka 1913. Mabasi yalikuja baadaye, kisha matatu, ambazo jina lake lilitokana na nauli ya zamani ya vipande vitatu vya senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kuchukua abiria bila ya leseni iliyokuwa ikitakiwa, na tangu hapo zikawa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya wasafiri. Ndipo ikaja barabara kuu mpya ya Thika, iliyoanza kujengwa mwaka 2009 na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012. Ni njia pana, na safari iliyokuwa ikimpotezea mtu nusu ya asubuhi ikawa fupi.

Lakini wema wa njia hiyo una jambo lake. Kwa kuwa ilikuwa nzuri, watu walijenga nyumba zao kwa kuitegemea, na waajiri wakapanga saa za kazi kwa kuitegemea, na kila mtu akazoea kuhesabu umbali kwa dakika badala ya kilomita. Siku njia inapofungwa, kilomita hurudi zote kama zilivyokuwa. Aliyekuwa akisema kwamba anakaa "dakika arobaini kutoka mjini" hugundua kwamba anakaa mwendo wa kutwa.

MAMBO MATATU YAFUNGAYO NJIA

Njia ya Thika hufungwa na mambo ya aina tatu, na yafaa msafiri ajue ni lipi lililompata, kwa sababu dawa zake si moja.

Jambo la kwanza ni magari kutokuwapo. Mwaka 2004, Waziri wa Uchukuzi John Michuki aliweka kanuni kali kwa matatu: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama kwa kila abiria, mstari wa manjano ubavuni, na sare kwa dereva na kondakta. Kanuni zilianza kazi tarehe 1 Februari, siku ya Jumapili. Jumatatu yake magari mengi yasiyotimiza masharti hayakutoka, na watu wengi wakaenda kazini kwa miguu. Jambo hilo lilirudi Jumatatu tarehe 12 Novemba 2018, kanuni zile zilipokaziwa upya. Na wiki tatu baadaye, tarehe 3 Desemba 2018, serikali ya kaunti ya Nairobi ilizuia matatu kuingia katikati ya mji. Wasafiri walishushwa mbali wakaenda kwa miguu, wazee na wagonjwa pamoja nao, na baada ya siku moja amri hiyo ikasimamishwa. Katika hali ya namna hii njia yenyewe i wazi. Kinachokosekana ni chombo. Garimoshi huenda, bodaboda huenda, miguu huenda. Tatizo ni nauli kupanda na nafasi kuwa haba.

Jambo la pili ni amri. Hapa vyombo vipo, lakini njia imezibwa, au saa imewekwa. Tarehe 6 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mtu asiingie wala asitoke katika eneo la Nairobi na miji iliyoizunguka, na kwa upande wa kaskazini mpaka uliwekwa katika daraja la mto Chania, hapo Thika. Mto ambao watu walikuwa wakiuvuka kwenda kununua ndizi ukawa mpaka kati ya ndugu na ndugu. Aliyekuwa ng'ambo jioni ile kwa haja ya siku moja alizuiwa asirudi, na amri haikuondolewa hadi tarehe 7 Julai, miezi mitatu baadaye. Miaka mitano mbele, tarehe 7 Julai 2025, siku iitwayo Saba Saba, polisi walifunga njia kuu za kuingia Nairobi kwa ajili ya maandamano yaliyotazamiwa. Mabasi yaliyosafiri usiku kucha kutoka bara yalizuiwa mbali na mji, na abiria wakateremka na mizigo yao wakatembea.

Jambo la tatu ni maji. Katika mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024, zilizoua watu zaidi ya 200 katika Kenya, mito ilipita kingo zake na barabara nyingi zikafungwa. Mto Chania ulifurika karibu na Blue Post, Thika, na mwezi wa Aprili magarimoshi ya abiria ya Nairobi nayo yalisimamishwa. Katika hali hii hapana hila. Watu wanaikumbuka habari ya mto Enziu, karibu na Mwingi, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilipojaribu kupita darajani juu ya maji, likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Maji yaendayo kasi, hata yakifika magotini tu, yaweza kumwangusha mtu mzima, na gari nalo huelea kabla dereva hajatambua. Amri hubembelezwa, na kondakta hupatanishwa bei; mto haubembelezwi wala haupatanishwi. Anayekuta maji juu ya njia na angoje, hata ikiwa kungoja ni hadi kesho.

MAJIRANI WAWILI

Na wachukuliwe majirani wawili wa Ruiru kuwa mfano. Mmoja ni fundi mwashi, na wa pili ni mama afanyaye kazi ya usafi hospitalini Nairobi. Ni siku ya mgomo. Wote wawili wamefika kituoni kungali giza, na baada ya saa nzima matatu moja inakuja.

"Mama, leo ni mia tatu," makanga anasema.

"Mwanangu, jana ilikuwa mia moja."

"Jana si leo, mama. Panda, au wapishe wengine."

Fundi anapanda, kwa kuwa anaogopa kukosa ujira wa siku. Yule mama anashika ukingo wa mlango na kuuliza neno moja: "Na jioni mtarudi?"

"Jioni, mama, Mungu ndiye ajuaye."

Mama anaachilia mlango. Watu walio nyuma yake wanamcheka, wakidhani ameshindwa na nauli. Lakini nauli anayo. Anapiga simu kwa msimamizi wake na kumweleza kwamba atafika kwa garimoshi, pengine kwa kuchelewa, na kwamba jioni hatarudi Ruiru, bali atalala kwa dada yake Githurai. Msimamizi hashangai, maana waliyanena hayo tangu mwezi uliopita. Kisha anampigia jirani wa mlango wa pili: "Mama Njeri, ile siku tuliyoizungumza ndiyo leo. Mtoto atakuja kwako akitoka shule." Naye anajibiwa, "Usijali, dada yangu, chakula kipo." Hayo yote yanachukua dakika tano. Ndipo anakwenda stesheni.

Fundi naye amefika mapema, amefanya kazi yake vizuri, amelipwa. Saa kumi na mbili jioni yuko Ngara pamoja na watu elfu moja, na gari hakuna. Saa moja anaanza kutembea. Anapita Pangani, Muthaiga, Roysambu. Saa nne za usiku anafika Githurai, miguu imevimba, simu imezimika, na mkewe hajui alipo. Bado kilomita kumi.

Haifai kusema kwamba fundi alikuwa mpumbavu. Alikuwa na sababu ya kwenda, kwani asiyefanya kazi siku ile halipwi siku ile, na watoto hawali mgomo. Pengine yeye hakuwa na dada Githurai. Lakini wote wawili walisimama mlangoni pa gari moja, na mmoja aliuliza habari ya kwenda tu, mwingine akauliza habari ya kurudi. Wazee wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu huweza kuzunguka kote, lakini mwisho wa safari ni pale alipoanzia, na safari isiyo na marejeo haijapangwa bado.

KUHESABU KINYUMENYUME

Basi msafiri yampasa kuhesabu safari yake kuanzia mwisho. Na aanze na saa ambayo ni lazima awe nyumbani: saa ya amri, au saa ya giza, au saa ya mtoto kutoka shule. Kutoka hapo na arudi nyuma. Mtu mwenye afya hutembea yapata kilomita tano kwa saa. Mwenye mzigo au mtoto hutembea tatu. Kwa hesabu hiyo, kutoka katikati ya mji hadi Githurai ni mwendo wa saa tatu, hadi Ruiru ni saa tano, na hadi Thika ni saa nane au tisa za mtu asiyechoka, jambo ambalo hatazamiwi mtu aliyekwisha fanya kazi kutwa.

Hapo ndipo ulipo ukweli ambao hauna budi kusemwa wazi. Mtu wa Githurai akifungiwa njia, na atazame viatu vyake. Mtu wa Ruiru na atazame saa. Mtu wa Thika na atazame kitanda. Kwa maana yeye hana njia ya kurudi kwa miguu, na kama hana mahali pa kulala mjini au katikati ya njia, ni heri asiende. Kukosa ujira wa siku moja ni hasara. Kulala barabarani usiku, mahali pasipojulikana, ni hatari, na kwa mwanamke hatari hiyo ni maradufu.

Amri ya saa ina ubaya wa pekee, nao ni kwamba watu wote hutaka kurudi kwa wakati mmoja. Ijumaa tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku, watu wa Mombasa walijazana kivukoni Likoni wakingoja feri ili wafike kwao kabla ya saa moja. Walikuwa wanarudi nyumbani kama walivyoamriwa, lakini walipigwa na polisi na kutupiwa moshi wa kutoa machozi kabla hata saa yenyewe haijafika. Feri ilikuwa moja ya nyuzi nyembamba, kama ilivyo njia ya Thika. Kwa hiyo palipo na amri ya saa, mwenye busara hahesabu saa ya amri, bali huhesabu saa ambayo wengine wote wataanza kuondoka, naye huondoka kabla yao. Na mwajiri mwenye busara huwaachilia watu wake mapema bila kungoja waombe. Huo ni wajibu wake, si hisani. Yeye aonaye wafanyakazi wake jioni tu wakiondoka haoni wanakofika.

NJIA YA PILI HUJARIBIWA SIKU YA AMANI

Kila msafiri yampasa kuijua njia nyingine mbali na ile aizoeayo. Mtu wa Ruiru analo garimoshi la abiria, lipitalo Kahawa, Githurai, Mwiki, Dandora na Makadara hadi stesheni ya Nairobi. Haliwezi kuchukua watu wote, wala halimngoji mtu, lakini halisimamishwi na mgomo wa matatu. Iko pia baipasi ya mashariki, iliyoanzia hapo Ruiru kuelekea barabara ya Kangundo, Embakasi na barabara ya Mombasa. Na baipasi ya kaskazini, iendayo kukutana na barabara ya Kiambu na kufika Ruaka. Anayefanya kazi upande wa Embakasi au kiwanja cha ndege hana haja ya kupita Pangani siku ya ghasia.

Lakini njia isiyojaribiwa ni kama dawa isiyopimwa. Huko London, mwezi wa Februari 2014, wafanyakazi wa reli ya chini ya ardhi waligoma kwa siku mbili, na vituo vingi vikafungwa. Wasafiri walilazimika kutafuta njia nyingine za kwenda kazini. Wataalamu walipochunguza baadaye safari za watu wale, waliona kwamba kama mmoja katika kila ishirini hakurudia tena njia yake ya zamani hata mgomo ulipokwisha, kwa sababu ile mpya ilikuwa bora. Alikuwa amepita njia mbaya miaka mingi kwa mazoea tu. Funzo lake ni kwamba mtu na asingoje mgomo umfundishe. Siku moja ya amani, akiwa hana haraka, na apande garimoshi. Na ateremke vituo viwili kabla ya kwake atembee. Na aone daraja la waenda kwa miguu liko wapi, taa ziko wapi, na mahali penye giza ni wapi.

UJIRANI

Kuna jambo ambalo mtu peke yake hawezi kulifanya, hata akiwa na busara namna gani. Yule mama wa mfano alirudi salama kwa sababu ya watu watatu: msimamizi, dada na jirani. Watu wakipangana kabla ya siku mbaya, njia iliyofungwa haiwashindi.

Jambo hili limekwisha onekana duniani. Katika mji wa Montgomery, Marekani, Waafrika wa nchi ile waliacha kupanda mabasi ya mji tangu tarehe 5 Desemba 1955 hadi tarehe 20 Desemba 1956, kwa siku 381, wakipinga ubaguzi ndani ya mabasi hayo. Wengi wao walikuwa watumishi wa nyumbani wenye mishahara midogo. Hawakushinda kwa kutembea tu. Walikusanya magari ya watu binafsi, wakaweka vituo vinavyojulikana vya kuwachukulia watu asubuhi na vya kuwachukulia jioni, na kila mtu akajua asimame wapi. Nairobi yenyewe iliona jambo la kufanana na hilo mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari, Waafrika walipoacha kupanda mabasi ya mji kwa wito wa Mau Mau na kwenda kazini kwa miguu. Hapa hazikumbukwi sababu za vita vile, ila hili moja: kwamba watu wengi walifika na kurudi kwa kwenda pamoja.

Basi katika kila nyumba za kupanga za Ruiru, na katika kila mtaa wa Makongeni, Thika, yafaa watu wajue mambo machache kati yao. Nani ana gari, naye atakubali kuchukua wangapi kwa nauli ya haki? Nani hubaki nyumbani mchana, aweze kuwatazama watoto wa wengine? Nani ana jamaa Githurai, Kahawa au Roysambu? Nani karibu kujifungua, au hutumia dawa kila siku, au huenda kliniki kwa siku maalumu? Mwenye dawa za kila siku na asingoje kopo liishe ndipo aende; na abaki na akiba ya siku kadhaa. Mama aliyekaribia siku zake na ajue hospitali iliyo upande wake wa kizuizi, si ile iliyo ng'ambo yake tu. Haya si mambo makubwa, lakini huzungumzwa siku ya amani. Siku ya ghasia kila mtu hukimbilia lake.

MASHAURI MACHACHE YA NJIANI

Kwa yule ambaye hana budi kutembea, maneno haya na yamfae.

Atembee na wenzake, wasiopungua watatu, na mwendo uwe wa yule aliye mnyonge kuliko wote. Apite njia ya pembeni iliyowekwa kwa waenda kwa miguu. Akitaka kuvuka barabara kuu, apande daraja la juu hata kama liko mbali. Barabara inayoonekana tupu siku ya mgomo ndiyo ambayo gari moja hupita kwa kasi ya ajabu. Baada ya giza avae nguo nyeupe au ya kung'aa.

Akipanda bodaboda, avae kofia ngumu, na apande peke yake. Sheria inaruhusu abiria mmoja, nayo haibadiliki siku ya taabu. Apatane bei kabla ya kupanda.

Awe na akiba ya fedha, kidogo mfukoni na kidogo katika simu, isiyoguswa kwa haja nyingine. Akiba haiozi. Simu iwe imejaa moto tangu usiku, na namba za watu watatu ziwe zimeandikwa katika karatasi, kwa sababu simu iliyozimika haina kumbukumbu. Namba 999 na 112 ni za polisi na msaada wa dharura, na namba 1199 ni ya Msalaba Mwekundu.

Akikuta kizuizi cha polisi, aseme kwa upole anakotoka na anakokwenda, na awe na kitambulisho pamoja na barua ya kazi. Akikuta mawe na moto, asikaribie kutazama. Wengi walioumia siku za ghasia hawakuwa wa upande huu wala ule. Walikuwa wakipita, au walikuwa wakitazama.

Na habari aisikiayo kituoni, aipime kwanza kabla ya kuipitisha kwa mwingine. Neno moja la uongo kwamba "njia imefunguliwa" limewatoa watu majumbani wakakwama. Na neno moja la uongo kwamba "imefungwa" limewanyima wengine ujira wao.

MWISHO

Njia ya Thika itafungwa tena. Sababu yaweza kuwa mvua, au mgomo, au amri, na siku yake haitatangazwa kwa kila mtu mapema. Wenye mamlaka wana wajibu wao: kutangaza mapema, kuacha nafasi ya magari ya wagonjwa, na kukumbuka kwamba anayechelewa kufika nyumbani mara nyingi ni yule asiye na gari. Lakini msafiri hawezi kukaa akingoja wajibu wa wengine utimizwe.

Kwa hiyo kabla mguu haujakanyaga ngazi ya gari, na aulize lile neno ambalo mama wa Ruiru aliuliza mlangoni: "Na jioni mtarudi?" Kama kondakta hana jibu, jibu na liwe limekwisha patikana kwa dada, kwa jirani, kwa garimoshi, au kwa kukaa nyumbani siku ile. Mji wa Nairobi utakuwapo kesho. Mtoto aliye mlangoni akimngojea mama yake anangoja leo.